Hyrule Ni Ileile, Mchezo Umebadilika

Lawama wanayotupiwa Nintendo, waliotengeneza gemu ya The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom kwa ajili ya konsoli yao ya Switch, ni fupi, na msikilizaji anaielewa kabla hujamaliza kuisema. Gemu iliyoitangulia, Breath of the Wild, ilitoka tarehe 3 Machi 2017 kwa dola 59.99. Mwendelezo wake ukatoka tarehe 12 Mei 2023 kwa dola 69.99. Katikati kuna miaka sita na ushee ya kusubiri, halafu unashuka chini na kukuta Hyrule, nchi unayochezea, ni ileile: mlima wa moto kule kaskazini-mashariki, theluji ya Hebra, jangwa la Gerudo kusini-magharibi, barabara zilezile, mito ileile. Link, shujaa unayemwendesha, ni yuleyule. Anapanda kuta vilevile, anaishiwa nguvu vilevile, anapika vilevile kwenye chungu. Ndipo likazaliwa neno lililorudiwa mpaka likaonekana kama ukweli usiohitaji ushahidi: hii ni nyongeza ya kulipia iliyouzwa kwa bei ya gemu nzima.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, tena ukweli ambao wapenzi wa gemu hii hawapendi kuusikia. Hata hivyo naona imekosea jambo la msingi. Imehesabu ardhi ikasahau mikono. Gemu ya 2017 ilikuwa gemu ya kwenda. Ya 2023 ni gemu ya kutengeneza, na kutengeneza kunahitaji uwanja ambao mchezaji anaujua tayari.

Tuanze na wanaolalamika, maana wana hoja nzito kuliko ile ya bei. Utajiri mkubwa wa Breath of the Wild ulikuwa ni kutojua. Unasimama ukingoni mwa Great Plateau, uwanda wa juu unapoanzia mchezo, unaona mnara kwa mbali, moshi kwenye kilele cha mlima, daraja lililokatika, na hujui habari ya chochote kati ya hivyo. Hali ile hairudishiki. Mtu aliyekwisha kutembea Hyrule nzima anajua kijiji cha Kakariko kiko nyuma ya milima gani, anajua bonde lipi lina Lynel, adui mkali wa kuogopwa, anajua hata mahali pa kukamata farasi mzuri. Watengenezaji walijua tatizo hilo, wakajaribu kuliziba kwa visiwa vya angani na kwa Depths, ulimwengu wa giza uliotandazwa chini ya ardhi. Visiwa vinapendeza ila ni vichache, na hakuna kinachokifikia Great Sky Island, kile cha kuanzia, kwa ukubwa wala kwa ubunifu. Depths ina shida iliyo kinyume chake: ni pana kama Hyrule yote ya juu, lakini ukishagundua siri yake inakuwa imekwisha. Penye mlima juu, chini pana shimo. Penye mto juu, chini pana ukuta. Na kila mzizi wa mwanga huko chini umekaa moja kwa moja chini ya kihekalu cha juu, yaani kile chumba kidogo cha mafumbo. Ni wazo zuri sana siku unayoligundua. Saa kumi baadaye unatembea gizani ukikusanya malighafi tu.

Hadithi nayo ina doa. Unaweza kuanza na watu wa Rito, Goron, Zora au Gerudo, kwa mpangilio wowote, na kila unapomaliza hekalu la kabila moja, mzee wa kale anatokea na kusimulia vita vilevile vya zamani, karibu kwa maneno yaleyale. Mchezaji anakalishwa mara nne kupewa taarifa moja. Kumbukumbu za machozi ya joka zina kasoro mbaya zaidi: unaweza kuziokota bila kufuata mpangilio, ukajua mapema alipo Zelda, binti mfalme aliyepotea, kisha ukaendelea kuzunguka nchi nzima huku kila mtu akikuuliza yuko wapi naye Link amefunga mdomo. Na zile mashine za kale zilizotawala gemu ya kwanza, Guardian na wanyama wakubwa wanne, zimetoweka karibu bila maelezo. Huo ni uzembe wa uandishi na sioni sababu ya kuupamba.

Kuhusu bei, wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa. Dola 70 kwa mwaka ule ilikuwa zaidi ya laki moja na nusu za Tanzania, karibu elfu kumi za Kenya, kabla hujalipia gharama ya kuiagiza. Tena sisi tuna sababu ya kuwa na shaka na mwendelezo wa gemu. Kwenye vibanda vya gemu, kuanzia Manzese mpaka Eastleigh, gemu inayotawala ni ya mpira, na gemu ya mpira hutoka kila mwaka. Mafundi wetu wa mtaani wamebadilisha PES za simu wakaweka Simba na Yanga, wakagawa bure, na vijana wanacheza. Anayejua kwamba jezi na majina vinaweza kubadilishwa na kijana mwenye kompyuta ndogo hawezi kudanganywa kirahisi kuwa jezi na majina ni gemu mpya. Na kwenye Switch yenyewe, konsoli ileile ya Zelda, kampuni ya EA walitoa FIFA 20 mpaka FIFA 23 kwa jina la Legacy Edition: uchezaji wa zamani, na vikosi, jezi na nembo za msimu mpya. Walioamua kulinunua toleo la namna hiyo waliambiwa wazi wanapata nini, lakini walilipa. Basi mtu aliyetoka huko akiona ramani ileile ya Hyrule, mkono wake unaenda mfukoni kulinda pochi. Ana haki.

Ila hapo ndipo tofauti inapoonekana. FIFA za Switch zilibadilisha kilichoonekana na kuacha kilichochezwa. Tears of the Kingdom ilifanya kinyume chake. Katika gemu ya kwanza ulikuwa na uwezo mkuu wa aina nne: sumaku ya kuinua vyuma, kusimamisha kitu kisisogee, kuinua nguzo za barafu majini, na mabomu yasiyokwisha. Vihekalu 120 vya gemu ile vilijengwa juu ya hayo manne, na mchezaji aliyazoea kama vidole vyake. Kwenye mwendelezo yote manne yamefutwa. Badala yake kuna Ultrahand ya kuinua na kugandisha vitu pamoja, Fuse ya kubandika kitu kwenye silaha au ngao, Ascend ya kupenya dari na kutokea juu, Recall ya kurudisha mwendo wa kitu nyuma, na baadaye Autobuild ya kukumbuka ulichojenga. Ni kampuni chache sana zenye ujasiri wa kufuta kila zana iliyoifanya gemu yao ipendwe na mamilioni, kisha kuwarudisha watu mahali palepale.

Chukua malalamiko makubwa kuliko yote ya 2017: silaha zinavunjika. Wachezaji walijifunza upesi kwamba kupigana ni hasara. Unakuta kambi ya Bokoblin, maadui wa kawaida wa gemu hii, unapiga hesabu: nitavunja panga mbili nzuri, nitapata rungu moja bovu, bora nizunguke. Gemu ya mapigano ikawa inakufundisha kukwepa mapigano. Nintendo wangeweza kuondoa kuvunjika kwa silaha, kila mtu angeshangilia, na tatizo lingeisha kwa njia ya mkato. Walichofanya ni kugeuza hesabu yenyewe. Mwanzoni mwa Tears of the Kingdom silaha karibu zote za ulimwengu zimeoza. Upanga peke yake hauna thamani. Thamani iko kwenye unachoubandika, na vitu vizuri vya kubandika vinatoka miilini mwa maadui. Pembe ya Bokoblin unayemuangusha leo ndiyo makali yako ya kesho, na pembe ya Lynel ni mali ya kujivunia. Kambi ileile, kilima kilekile, adui yuleyule. Ila sasa unaitamani. Sheria ile ya kuvunjika haijaguswa, na maana yake imepinduka kabisa. Ukibandika jicho la Keese, popo wa Hyrule, kwenye mshale, mshale unamfuata adui. Ukibandika ule uyoga wa moshi kwenye ngao, adui akipiga ngao moshi unatanda naye hakuoni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoongeza mita moja ya ardhi.

Ultrahand ndiyo yenye gharama ambayo wengi hawajaiona. Machi 2024, kwenye mkutano wa watengenezaji gemu wa GDC mjini San Francisco, wahandisi wa Nintendo walieleza walivyofika hapo. Takahiro Takayama, aliyeshughulikia fizikia, alisimulia jinsi majaribio ya mwanzo yalivyokuwa yakiharibika kila siku: wenzake wanapiga kelele kwamba kitu kimevunjika, kitu kimeruka. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Katika gemu nyingi vitu vya aina mbili vinaishi pamoja: vile vinavyofuata fizikia, kama jiwe linalobingirika, na vile vinavyotembea kwa mwendo uliopangwa, kama lango linalopanda na kushuka. Lango la namna hiyo halijui uzito wala kizuizi. Linashuka tu, kwa sababu limeambiwa lishuke. Sasa mpe mchezaji uwezo wa kuunganisha ubao wowote na gogo lolote, auingize chini ya lango. Lango haliwezi kusimama, ubao hauwezi kubanwa kiasi hicho, na kinachofuata ni vurugu: vitu vinapenyana au vinarushwa hewani.

Suluhisho walilolichagua lilikuwa kali: kila kitu kifuate fizikia, bila kubagua. Lango lipewe mota na uzito, ukiliwekea kizuizi likwame kama lango. Gurudumu lizunguke kwa sababu lina ekseli. Hata sauti zikafuata mkondo huo. Kwenye mkutano huohuo Junya Osada, wa upande wa sauti, alieleza kwamba mkokoteni wa farasi hauna sauti yake maalumu iliyorekodiwa. Unachosikia ni jumla ya sauti za viungo vyake, magurudumu yakisaga ardhi, vyuma vikigongana, mbao zikisuguana. Ndiyo maana ukitengeneza mkokoteni wako wa ajabu, ambao hakuna mtu wa Nintendo kule Kyoto aliyewahi kuuwaza, nao unalia kama mkokoteni.

Yote haya yanaendeshwa na Switch, yenye chipu ya familia ya Tegra X1 iliyotangazwa mwaka 2015, na kumbukumbu ya gigabaiti nne. Simu nyingi za kawaida mitaani sasa zina kumbukumbu kubwa kuliko hiyo.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo moja la ratiba, kwa sababu naona ndilo linaloamua kesi. Machi 2022 Eiji Aonuma, mtayarishaji wa Zelda, alitangaza kwamba gemu haitatoka mwaka ule. Itasogezwa hadi majira ya machipuko ya 2023. Ilipotoka, alieleza kwamba muda ule wa ziada ulitumika kuing'arisha, kuhakikisha fizikia inafanya inavyotakiwa. Mwaka mzima, wa studio iliyo miongoni mwa zilizo bora duniani. Haukuongeza kisiwa wala kijiji. Lengo lake lilikuwa kwamba mchezaji akigandisha mbao tatu, roketi moja na mwamba, kisha akawasha, kitokee kile ambacho akili yake ilitarajia kitokee.

Sasa jiulize mwaka huo unaonekana wapi. Huwezi kuupiga picha. Hauingii kwenye trela ya dakika mbili. Mhakiki anayeandika orodha ya vilivyoongezeka ataandika visiwa, Depths, vihekalu kutoka 120 hadi 152, Korok, vile vijitu vya msituni vilivyofichwa kila kona, kutoka 900 hadi 1,000, na hatakuwa na mahali pa kuandika "ubao haukupenya ukutani". Kazi ikifanywa vizuri kiasi hicho inatoweka machoni, halafu anayeifanya anaambiwa hakufanya kitu. Na tunapoendelea kupima upya wa gemu kwa ukubwa wa ardhi, tunawafundisha wenye fedha jambo moja: lipia kinachoonekana. Jenga ramani mpya kila mara, kubwa kuliko ya jana, ijaze milima ambayo hakuna atakayeipanda mara mbili. Matokeo tunayaona. Grand Theft Auto V ilitoka Septemba 2013, na mtoto aliyezaliwa mwezi ule amefikisha umri wa kuicheza kwa siri akiwa bado hajaona mwendelezo wake. Gharama za gemu kubwa zimepanda, muda umerefuka, na studio nzima zinafungwa kwa sababu gemu moja haikuuza. Kutumia upya ramani ni mojawapo ya njia chache zinazomruhusu mtengenezaji kuweka jasho lake mahali pengine.

Wajapani hili walilijua zamani. Majora's Mask, Zelda ya mwaka 2000, ilitumia injini na sura za wahusika wa Ocarina of Time, Zelda ya 1998. Ilitengenezwa kwa takriban mwaka mmoja na kidogo, na ikawa gemu yenye roho tofauti kabisa: mwezi unaanguka, una siku tatu, zikiisha unarudi mwanzo. Mfululizo wa gemu za Yakuza umekuwa ukirudi Kamurocho, mtaa uliochorwa kwa mfano wa Kabukicho wa Tokyo, tangu 2005, na wapenzi wake wanaufurahia kama watu wanaorudi nyumbani likizo. Hakuna anayelalamika kwamba baa ni ileile. Wanaingia kuona nani amezeeka.

Na hapo ndipo ramani ileile inapoacha kuwa upungufu ikawa nguvu. Kusini-mashariki mwa Hyrule kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Lurelin. Mwaka 2017 kilikuwa mahali pa kupumzika: minazi, ngalawa zimefungwa, watu wanapika samaki na wali, hakuna shida kubwa ya kutatua. Wengi walipita, wakala, wakaondoka. Mwaka 2023 ukifika unakuta maharamia wamekivamia, nyumba zimebomoka, wanakijiji wamekimbia. Unawafukuza maharamia, halafu inakubidi usaidie kukijenga: unaleta magogo ya paa, unaleta mchele wa kuwalisha mafundi. Kwa mchezaji mgeni hii ni kazi ya kawaida ya kuleta kitu fulani mahali fulani. Kwa aliyewahi kukaa pale jioni akisikiliza bahari, ni uchungu. Hakuna ardhi mpya, hata iwe nzuri vipi, ingeweza kuleta uchungu huo, kwa sababu huwezi kuomboleza kijiji ulichokiona leo.

Tarrey Town ni hivyohivyo, upande wa furaha. Katika gemu ya kwanza fundi Hudson anaanza peke yake kwenye mwamba mkavu ulio katikati ya ziwa, nawe unamsaidia mpaka unakuwa mji, mpaka anamuoa Rhondson. Katika ya pili kampuni yake ya ujenzi imetapakaa nchi nzima, vifaa vyake vimerundikwa kando ya kila barabara, na wanandoa wale wana binti, Mattison, anayekaribia kuondoka kwenda kulelewa kwa watu wa mama yake. Zile mbao zilizorundikwa barabarani ndizo unazojengea magari yako. Yaani kitu kidogo ulichokifanya 2017 kimegeuka kuwa sababu ya kimchezo ya kukuta mbao kila mahali 2023. Mtu anayesema gemu hii haina jipya naomba anieleze hilo aliliona wapi tena.

Hata zile sehemu ngeni kabisa zimefichwa ndani ya ramani ya zamani. Mapango zaidi ya mia yamechimbwa kwenye milima uliyoipanda ukidhani ni mawe matupu. Kuna visima 58 vya kuingia. Ascend, ambayo Aonuma na mkurugenzi Hidemaro Fujibayashi walisema ilitokana na njia ya mkato waliyoitumia wenyewe wakijaribu gemu, ili wakimaliza pango wasilazimike kurudi njia nzima, inakufanya uangalie dari ambazo hukuwahi kuzijali. Mlima ni uleule, lakini mara ya kwanza uliuona kwa nje tu.

Nilianza kwa kuwapa haki wanaolalamika, na kuna hoja yao moja ambayo sijaisikia ikijibiwa vizuri. Wachezaji waligundua mapema kwamba feni mbili na usukani mmoja vinatosha kutengeneza kijipikipiki cha kuruka. Kinakula betri kidogo na kinafika karibu kila mahali. Baada ya hapo wengi waliacha kubuni. Uhuru wote ule, fizikia yote ile, mwaka wote ule wa kung'arisha, ukaishia kwenye chombo kimoja kinachopita juu ya Hyrule kama ndege ya abiria. Na ukiwa juu, ardhi unayoijua inaonekana ndogo. Mchezaji wa namna hiyo akisema hakuona jipya, anasema kweli kuhusu alichokiona.

Jibu langu ni la nusu. Gemu yenyewe inakushusha: mapango hayaingiliki kwa feni, na vipo vihekalu vinavyokuvua silaha na nguo vikakuacha na matawi na akili yako. Lakini ningependa wangeenda mbali zaidi. Wangeweza kuufanya usukani uwe adimu, au feni zichoke mapema zaidi. Fujibayashi na wenzake waliamua kumwamini mchezaji ajichagulie, na sehemu ya wachezaji walichagua njia fupi. Huo ni uamuzi wa kubishaniwa, na sitamlaumu anayeubishia. Ila angalia kwamba ubishi huo ni wa uchezaji mpya. Hakuna aliyekuwa na shida ya pikipiki ya kuruka mwaka 2017.

Mauzo yanatajwa sana na pande zote mbili. Tears of the Kingdom iliuza nakala milioni 10 katika siku tatu za kwanza. Baadaye kasi ikapungua. Imepita milioni 20, wakati Breath of the Wild imepita milioni 30 kwenye Switch. Wapo wanaosoma tofauti hiyo kama hukumu: watu walinunua kwa hamu, wakagundua ni ileile, habari zikaenea. Mimi sioni hivyo. Gemu ya 2017 ilitoka siku moja na konsoli na ikauzwa pamoja nayo miaka yote ya uhai wake. Mwendelezo ulitoka konsoli ikiwa uzeeni. Wahakiki nao waliziweka karibu sawa, wastani wa 97 kwa ya kwanza na 96 kwa ya pili kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki. Namba hizo haziamui chochote hapa, na ningetamani pande zote ziziache.

Kinachobaki ni swali la nani anauliza. Kama ulichokipenda kwenye Breath of the Wild ni upweke, ukimya, na kuona kilima usichokijua, Tears of the Kingdom itakupa kidogo, na dola 70 ni nyingi kwa kidogo hicho. Kama ulichokipenda ni ile dakika ulipofikiria jambo la kipuuzi, ukajaribu, na gemu ikakubali, basi hii ndiyo gemu ambayo ile ya kwanza ilikuwa inaitafuta.

Tangu Switch 2 itoke tarehe 5 Juni 2025 swali limepata sura mpya. Gemu zote mbili zina toleo la konsoli hiyo, fremu 60 kwa sekunde, na mwenye nakala ya zamani analipa dola 9.99 kwa kila moja kuiboresha. Mnunuzi wa leo hana miaka sita ya kusahau kama tuliyokuwa nayo sisi. Akizicheza mfululizo, ramani itamchosha, na atakuwa na sababu. Namshauri aanze na ya 2017, aimalize bila haraka, apite Lurelin ale chakula hata kama hakuna kazi ya kufanya pale. Kisha aweke pedi chini miezi kadhaa acheze vingine. Kuanza na ya 2023 ukitegemea kurudi nyuma ni kosa: utafika Great Plateau ya zamani, utaona gogo limelala karibu na jiwe, na hakutakuwa na kitufe cha kuviunganisha.